Mtakatifu Anselm: Askofu Aliyeuliza Kwa Nini Mungu Alifanyika Mtu

Mtakatifu Anselm alizaliwa mwaka 1033 huko Aosta, chini ya milima ya Alps, katika Italia ya leo. Mama yake alipofariki, alishindwa kuelewana na baba yake, akaondoka nyumbani na kuvuka milima hadi Ufaransa. Mwaka 1060 aliingia utawa wa Wabenedikto katika monasteri ya Bec, akivutwa na sifa za mwalimu Lanfranc. Mwaka 1078 akawa abate.

Mwaka 1093 alifanywa Askofu Mkuu wa Canterbury, Uingereza, bila yeye kupenda. Mfalme William II alitaka kulitawala Kanisa na mali zake. Anselm alikataa, na mwaka 1097 akaenda uhamishoni. Mwaka uliofuata, akiwa Italia, alikamilisha kitabu chake Cur Deus Homo, yaani Kwa Nini Mungu Alifanyika Mtu.

Kabla yake, wengi walieleza kwamba kifo cha Kristo kilikuwa fidia aliyolipwa shetani. Anselm alipinga: shetani ni mwasi, hana haki ya kudai chochote. Dhambi ni kumnyima Mungu heshima anayostahili. Anayepaswa kulipa ni mwanadamu, lakini hata utii wake wa leo tayari ni haki ya Mungu. Hana cha ziada cha kufidia makosa ya jana. Anayeweza kulipa ni Mungu peke yake. Basi alihitajika aliye Mungu kweli na mtu kweli. Yesu, asiye na dhambi, hakudaiwa kifo. Aliutoa uhai wake kwa hiari, na stahili zake akatupa sisi ndugu zake.

Hapa tuwe makini. Wapo wanaosema Baba alikasirika, akampiga Mwana badala yetu. Anselm hakufundisha hivyo. Kwake, dhambi hudai ama adhabu ama malipizi. Kristo hakuadhibiwa, alifanya malipizi kwa upendo. Tofauti hii si ndogo, kwani anayemwona Mungu kama mdai mwenye hasira ataogopa hata kukaribia kitubio. Baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino alipokea fundisho la malipizi, akaongeza kwamba Mungu angeweza kutuokoa kwa njia nyingine, ila hii ndiyo iliyofaa zaidi.

Anselm alifariki tarehe 21 Aprili 1109, Jumatano ya Juma Kuu. Mwaka 1720 alitangazwa Mwalimu wa Kanisa.

Tunapopewa malipizi baada ya kuungama, tukumbuke kwamba deni kubwa limekwisha kulipwa. Sala zetu chache ni kuungana na Yeye aliyelilipa.

Mtakatifu Anselm, utuombee.