Maisha ya Sir Arthur Lewis, Mtu Aliyechunguza Umaskini wa Nchi

Katika somo la historia tumezoea kusoma habari za wafalme, majemadari na wasafiri. Leo napenda kuwasimulia habari za mtu ambaye hakushika upanga wala hakuvumbua mto. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja: nchi maskini yaanzia wapi ili ipate kutajirika? Mtu huyo ni Sir Arthur Lewis.

Alizaliwa tarehe 23 Januari, 1915, katika mji wa Castries, kisiwani St. Lucia, katika bahari ya Karibi. Kisiwa hicho ni kidogo, na siku zile kilitawaliwa na Uingereza. Wengi wa wakazi wake ni wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani kwenda kulima miwa. Baba yake na mama yake walikuwa waalimu waliohamia huko kutoka kisiwa cha Antigua. Arthur alipokuwa na miaka 7 aliugua, akakosa shule kwa muda. Baba yake akamfundisha nyumbani kila siku, hata aliporudi darasani alikuwa amewapita wenzake, akarushwa darasa. Lakini baba huyo akafariki mapema, akamwacha mama mjane na wana watano wa kiume. Mama hakukata tamaa. Aliwalea wote na kuwasomesha kwa jasho lake.

Lewis alimaliza shule ana miaka 14 tu. Kwa kuwa umri wake haukutosha kufanya mtihani wa kwenda Chuo Kikuu, aliajiriwa karani wa serikali, akajifunza kuandika barua, kupiga taipu na kutunza majalada. Mwaka 1932 alifanya mtihani ule akashinda. Alitamani sana kuwa mhandisi, ila alijua kwamba serikali ya kikoloni haingemwajiri mhandisi mweusi, wala wenye mashamba ya miwa hawangemtaka. Basi akachagua elimu ya biashara, akaenda London mwaka 1933 katika chuo cha London School of Economics. Alishinda daraja ya kwanza mwaka 1937, akapata shahada ya udaktari mwaka 1940, na akawa mwalimu mweusi wa kwanza wa chuo hicho. Mwaka 1948, akiwa na miaka 33, alifanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester.

Sasa nieleze fikira iliyompa sifa. Mwezi wa Agosti, 1952, alikuwa akitembea barabarani katika mji wa Bangkok, akawaza jambo lililomsumbua miaka mingi. Kwa nini katika nchi maskini viwanda na mashamba makubwa hupata faida, na huku ujira wa vibarua haupandi? Akaona jibu: ni kwa sababu vijijini kuna watu wengi mno juu ya ardhi chache. Mmoja akiondoka, mwingine yuko tayari kushika nafasi yake kwa ujira ule ule. Fikira hiyo aliiandika mwaka 1954. Alisema kwamba nchi huanza kukua watu hao wanapohamia kazi zenye mapato zaidi, na faida inapowekwa akiba na kununua mitambo mipya. Nchi iliyokuwa ikiweka akiba asilimia 4 au 5 ya mapato yake hufika asilimia 12 au 15. Hatimaye watu wa ziada huisha vijijini, na hapo ndipo ujira hupanda kila mahali. Wataalamu wengi wasema kwamba Japani ilifika hatua hiyo karibu na mwaka 1960.

Mwaka 1955 alitoa kitabu kikubwa juu ya kukua kwa uchumi. Humo alitaja mambo matatu yanayokuza nchi: bidii ya kutumia vizuri kilichopo, maarifa yanayoongezeka, na mtaji unaoongezeka. Moja likikosekana, mengine mawili hayafiki mbali.

Niliposoma habari hizi nilikumbuka nyumbani kwetu. Shamba letu ni ekari mbili, nasi tulikuwa watu sita wa kulilima kwa jembe la mkono. Kaka yangu alipokwenda Dar es Salaam kusukuma mkokoteni, baba alihesabu magunia ya mahindi akaona hayakupungua hata moja. Nikadhani nyumba yetu yathibitisha maneno ya Lewis. Lakini mama alinieleza kwamba palizi ya kaka aliifanya yeye, mpaka giza linaingia. Kumbe magunia yalikuwa yale yale, ila mgongo wa mtu mmoja ulibeba kazi ya wawili.

Wako wataalamu waliompinga Lewis kwa hoja iliyo karibu na ya mama. Mmoja ni Theodore Schultz wa Marekani. Yeye alichunguza habari za India, ambako homa kali ya mwaka 1918 na 1919 iliua wakulima wengi, akaona kwamba eneo lililolimwa lilipungua. Kwa hiyo alisema hakuna mkulima asiye na kazi, bali yuko mkulima asiye na zana wala maarifa. Ajabu ni kwamba mwaka 1979 wapinzani hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, kisiwa cha St. Lucia kilikuwa kimepata uhuru wake.

Watu wengine hudhani Lewis alipenda viwanda tu, akadharau jembe. Sivyo. Mwaka 1953 aliandika taarifa kwa serikali ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, akasema kwamba kazi ya kwanza ni kuongeza mavuno ya chakula kwa kila mkulima. Mkulima asiyevuna ziada hawezi kuwalisha watu wa kiwandani, wala hana fedha za kununua bidhaa zao. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957, Lewis alikwenda kuwa mshauri wa Dk. Kwame Nkrumah. Hawakupatana juu ya mpango wa maendeleo, maana Lewis aliona kwamba baadhi ya kazi zilizotakiwa zingekula fedha nyingi na kuzaa kidogo. Akaondoka mwishoni mwa mwaka 1958.

Baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha West Indies, akapewa daraja ya Sir mwaka 1963, akafundisha Princeton, Marekani, na kuanzia 1970 hadi 1973 alikuwa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibi. Alifariki Barbados tarehe 15 Juni, 1991, akazikwa kwao St. Lucia, katika uwanja wa chuo chenye jina lake.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mtihani wetu u karibu, na wengi wetu twaota meza na kiti mjini. Hilo si kosa, maana Lewis mwenyewe alianza kwa ukarani. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha nchi hujazwa kwanza shambani. Mimi nimeazimia kuomba nafasi ya kusomea kilimo na zana zake. Nataka siku moja mwana aondokapo nyumbani kwenda kutafuta kazi, magunia yasipungue, na mama yake asipalilie gizani.