Patrice Lumumba, karani wa posta aliyekuwa pia Waziri wa Ulinzi

Wakaaji wa Tshopo wanamjua Patrice Emery Lumumba kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Wachache wanakumbuka kwamba ni yeye pia aliyeshika wizara ya Ulinzi wa taifa. Alitaka jeshi lote la nchi liwe chini ya serikali moja. Hayo maisha yake na jeshi yalianza hapa kwetu, kando ya mto, na yakaishia mikononi mwa askari.

Kijana wa posta

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 huko Onalua, katika Sankuru. Akiwa kijana aliacha kijiji, akapitia Maniema, akafika Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Mwaka 1947 alienda Léopoldville kusoma kazi ya posta. Kisha akafanya kazi kwa muda kule Yangambi, jirani yetu kwenye mto, mbele ya kurudi Stanleyville.

Mjini alikuwa mtu wa vyama: chama cha wafanyakazi wa posta, chama cha évolués, maandishi katika magazeti. Mwaka 1956 alifungwa juu ya feza ya posta, akatoka 1957. Akaenda Léopoldville kuuza bia ya Polar, na ni kule alijifunza kusema mbele ya makundi ya watu. Mwezi wa kumi 1958 yeye na wenzake wakaunda chama cha MNC, Mouvement National Congolais. Mwezi wa kumi na mbili akaenda Accra, kwenye mkutano wa mataifa ya Afrika.

Siku alipoona bunduki karibu

Mwezi wa kumi 1959 MNC ilifanya mkutano mkubwa Stanleyville. Tarehe 30 fujo ikaanza, na Force Publique ikapiga risasi. Watu zaidi ya 20 walikufa. Lumumba akakamatwa, akahukumiwa miezi sita. Lakini mwezi wa kwanza 1960 Wabelgiji walilazimika kumtoa gerezani ili aingie kwenye mazungumzo ya Brussels, juu wajumbe wengine walikataa kuzungumza bila yeye.

Ni vizuri kukumbuka hiyo Force Publique ilikuwa kitu gani. Iliundwa wakati wa mfalme Léopold II. Ilikuwa jeshi na polisi pamoja: askari wale wale walipigana vita vya inje, kama Tabora mwaka 1916 na Saïo kule Ethiopia mwaka 1941, na ni wao tena waliingia vijijini kulazimisha kodi na kazi. Mwaka 1960 ilikuwa na askari karibu 25.000. Maofisa wake, karibu 1.000, wote walikuwa wazungu. Mkongomani hakupita cheo cha adjudant, hata kama angetumika miaka makumi mawili.

Tena, haikuwa peke yake. Ubelgiji ilikuwa na askari wake wengine kwenye kambi za Kamina na Kitona, ambao walitii Brussels moja kwa moja. Hata uhuru ulipofika, hizo kambi zilibaki mikononi mwa Wabelgiji.

Waziri Mkuu, Waziri wa Ulinzi

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137, na pamoja na washirika wake 41. Hakuna chama kingine kilichomfikia, na nguvu yake kubwa ilitoka Jimbo la Mashariki. Alipounda serikali mwezi wa sita, wizara ya Ulinzi hakumpa mtu mwingine. Aliishika mwenyewe.

Lakini kwenye karatasi waziri alikuwa Mkongomani, na kwenye kambi hakuna kilichogeuka. Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji aliyeongoza Force Publique tangu 1954, alibaki kwenye kiti chake pamoja na maofisa wake wote. Lumumba mwenyewe alikubali mpango huo mwanzoni. Alifikiri Waafrika wangepanda cheo polepole, maana hapakuwa na ofisa hata mmoja aliyetayarishwa. Askari waliona namna nyingine. Makarani wa jana walikuwa mawaziri leo, wana magari na nyumba. Wao walibaki na mshahara ule ule na wakubwa wale wale.

Tarehe 5 mwezi wa saba, siku tano tu baada ya uhuru, Janssens aliwakusanya askari Léopoldville na kuwaandikia kwenye ubao kwamba kwao kisha uhuru ni sawa na mbele ya uhuru. Siku hiyo hiyo uasi ulianza, kwanza kambi Léopold II, kisha kambi Hardy kule Thysville. Siku zilizofuata, wazungu walipigwa na wanawake wakatendewa mabaya. Maelfu ya wazungu wakakimbia nchi.

Siku nne za kugeuza jeshi

Lumumba alijaribu kwanza kupandisha kila askari cheo kimoja. Haikutosha. Akamwondoa Janssens. Tarehe 8 mawaziri wakakutana ndani ya kambi Léopold II yenyewe, na hapo jeshi likageuzwa. Jina la Force Publique likafutwa, likawa Armée Nationale Congolaise, ANC. Uongozi ukapewa Wakongomani, na wazungu waliobaki wakawa washauri tu.

Jemadari mkuu akawa Victor Lundula, aliyekuwa askari wakati wa vita ya pili ya dunia na kisha bourgmestre wa Jadotville. Mkuu wa majeshi, wa pili wake, akawa Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa sajenti wa Force Publique, kisha mwandishi wa habari, na sasa katibu katika ofisi ya Lumumba. Lundula alikuwa mbali, Katanga, wakati wa kuteuliwa. Basi ni Mobutu aliyezunguka kambi kutuliza askari na kugawa vyeo. Askari wakaanza kumjua yeye.

Kwa siku chache Kongo ilikuwa na jeshi moja chini ya wizara moja. Tarehe 10 askari wa Ubelgiji wakaingia vitani bila ruhusa ya serikali. Tarehe 11 Moïse Tshombe akatenga Katanga, na Wabelgiji wakamsaidia kuunda jeshi lake, gendarmerie ya Katanga. Mwezi wa nane Albert Kalonji akatenga Kasai ya Kusini, naye akaunda lake. Lumumba akaita Umoja wa Mataifa, na kofia za buluu zikaja, lakini hazikukubali kuwa chini ya amri yake.

Akatuma ANC Kasai. Askari wale hawakuwa na chakula cha kutosha wala maofisa wenye uzoefu, na karibu na Bakwanga waliua raia wengi, Waluba. Hilo doa lilibaki kwenye jina la Lumumba, juu yeye alikuwa waziri wao.

Jeshi linabadilisha bwana

Tarehe 5 mwezi wa tisa Raisi Kasa-Vubu akatangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba. Lumumba naye akatangaza redioni kwamba amemfukuza Kasa-Vubu. Wabunge walikuwa upande wa Lumumba, lakini swali halikuwa bungeni tena. Lilikuwa kambini: askari watatii nani? Siku hizo feza ya mishahara ya askari ilipatikana kupitia Umoja wa Mataifa, na Mobutu ndiye aliyesimama mbele yao wakati wa kulipwa. Tarehe 14 akachukua madaraka.

Lumumba alifungiwa nyumbani, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda na askari wa ANC wakiwazunguka. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja akatoroka, akielekea Stanleyville, kwa watu wake. Hakufika. Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili, kwenye mto Sankuru, pale Lodi, askari wa Mobutu wakamkamata. Wakamfunga Thysville, katika kambi ile ile ambamo uasi wa mwezi wa saba ulienea. Mwezi wa kwanza 1961 askari wa kambi hiyo waliasi tena juu ya mshahara, na wakubwa wakaogopa wangemfungulia. Tarehe 17 akapelekwa Katanga kwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule wote watatu wakauawa kwa risasi, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa Wabelgiji.

Yaliyobaki hapa kwetu

Wakati anakufa, Kongo ilikuwa na majeshi manne: la Mobutu Léopoldville, la Lundula hapa Stanleyville chini ya serikali ya Antoine Gizenga, la Tshombe na la Kalonji. Katanga ilirudi mwezi wa kwanza 1963. Mwaka uliofuata Wasimba waliingia Stanleyville, na wakaaji wa mto wakaona tena bunduki za kila upande.

Kazi ile ilianza upya miaka arubaini baadaye. Baada ya vita ya 1998 hadi 2003, wapiganaji wa pande zote waliingizwa katika FARDC kwa njia ya brassage, na brigedi ya kwanza iliyochanganywa ilifunzwa Kisangani mwaka 2004, kisha ikatumwa Ituri.

Mwezi wa sita 2022, jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa na Ubelgiji. Mbele ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30, lilipita Sankuru, kisha Kisangani. Watu walijaa barabarani kulipokea. Mwaka 1960 alikamatwa njiani akija mji huu, na askari waliokuwa chini ya wizara yake.