Mwana Kupona, Mama Aliyemwachia Binti Maneno



Jumamosi hii tunajifunza kutoa amri. Kwanza tumfahamu mama mmoja aliyetumia amri kumlea mwanawe.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa kisiwani Pate, karibu na Lamu, pwani ya Kenya. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliopigana miaka mingi na Sultani Seyyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, Mwana Kupona akabaki mjane mwenye watoto wawili, Mwana Hashima na Mohamed.

Kisha yeye mwenyewe akaugua. Mimi ni muuguzi, na nimeona wagonjwa wengi wakiwaita watoto wao wawape usia. Yeye usia wake aliutungia utenzi, mnamo 1858, kwa ajili ya Hashima. Anamwita binti asogee karibu, ashike wino na karatasi, kisha anamfundisha dini, adabu, maisha ya ndoa na kuwahurumia maskini. Una beti zaidi ya 100, na uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alifariki Lamu miaka michache baadaye. Mashairi yake bado yanasomwa.

Sasa kazi yetu. Ukimwamuru mtu mmoja, ondoa "ku-" kwenye kitenzi: kusoma, soma, kuandika, andika. Wakiwa wengi, "a" ya mwisho inakuwa "eni": someni, andikeni. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havibadiliki mwisho, vinaongezwa "ni" tu: jibu, jibuni, samehe, sameheni. Vitatu vina njia yao: njoo, njooni, nenda, nendeni, lete, leteni. Ukitaka upole zaidi, sema "usome" au "tafadhali soma".

Wazazi, hapa Midrand watoto wetu wanashinda na Kiingereza shuleni na Kizulu uwanjani. Kiswahili wanachokisikia zaidi nyumbani ni amri: njoo ule, vaa viatu, zima taa. Tusione ni kidogo. Hashima naye aliachiwa amri, zikiwa na mapenzi ndani yake.

Kazi ya nyumbani: kila mtoto amwombe mama, baba, bibi au babu ampe usia mfupi wenye amri tano. Uandikeni daftarini, mje nao Jumamosi ijayo.