Denis Burkitt na Ramani ya Maradhi: Wasifu wa Tabibu Aliyeuliza Mtoto Anatoka Wapi

Wanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba mandhari si pambo la hadithi. Mahali anapoishi mhusika, chakula anachokula na njia anazopita huweza kumjenga au kumwangamiza. Aghalabu tunasahau kwamba daktari naye ni msomaji wa mandhari. Mgonjwa anapomjia na maradhi yasiyojulikana, nusu ya jibu huenda imo mwilini, na nusu nyingine imebaki alikotoka. Makala haya yanasimulia maisha ya Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka ishirini, na ambaye aliishughulikia nusu hiyo ya pili kuliko wengi wa wakati wake. Msomaji anayeijua wadi ya Sarang'ombe kule Kibera, au mitaa ya Kawangware, atakuwa na sababu yake ya kuyafuatilia maisha haya, kama itakavyobainika.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa serikali katika jimbo la Fermanagh, lakini anakumbukwa zaidi na wataalamu wa ndege. Aliwavisha ndege wadogo pete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akachora ramani ya mipaka ya makazi yao bustanini. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na hapa methali hiyo ichukuliwe kwa wema. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, Denis alipigwa jiwe akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, akabadili nia na kuhitimu udaktari mwaka 1935. Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomleta Afrika Mashariki, akiwa daktari wa jeshi nchini Kenya na Somalia. Baada ya vita ombi lake lilikubaliwa, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira ndiko ilikoonekana kwanza tabia iliyotawala maisha yake yote. Wanaume wengi walimjia wakiugua busha. Daktari mwingine angewapasua, akawaruhusu kwenda zao, na kazi ikaishia hapo. Burkitt aliwapasua, lakini pia akawauliza vijiji vyao. Alibaini kwamba ugonjwa huo ulikuwa umeenea sana mashariki mwa wilaya, ilhali magharibi ulikuwa adimu. Tofauti hiyo haikutokana na maumbile ya watu wenyewe. Ilifuata mtawanyiko wa minyoo inayoenezwa na mbu. Kwa maoni yangu, utafiti huo mdogo, ambao wasimulizi wengi huupita haraka, ndio ufunguo wa yote yaliyofuata.

Mwaka 1957, akiwa tayari amehamia hospitali ya Mulago jijini Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya za juu na za chini, pande zote mbili. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina hiyo hiyo, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia. Wawili wa namna hiyo hawakuweza kuwa sadfa. Alirudi Mulago akafukua majalada ya zamani, akagundua kwamba uvimbe wa taya, wa figo na wa ovari, uliokuwa ukiandikwa kama magonjwa mbalimbali, ulikuwa ukiwapata watoto wale wale. Makala yake ya kwanza kuhusu jambo hilo yalichapishwa mwaka 1958. Wanapatholojia wa Kampala, hususan Greg O'Conor na Jack Davies, ndio waliobainisha kwamba hiyo ilikuwa saratani ya matezi.

Ifahamike kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kumbukumbu na michoro ya wagonjwa wa aina hiyo. Na mama zao bila shaka waliujua kabla ya Cook. Jambo lililokuwa jipya ni swali la Burkitt: watoto hawa wanatoka wapi, na ni wapi ambako hawatoki?

Alituma maswali yenye picha za wagonjwa kwa hospitali nyingi barani, na kila jibu likachomekewa pini kwenye ramani ukutani. Ukanda ukaanza kujitokeza, ukikatiza katikati ya Afrika na kuwa na mkia ulioshuka kando ya pwani ya Msumbiji. Lakini ukingo wa ukanda ulimsumbua. Ugonjwa ulikoma wapi hasa, na kwa nini hapo? Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford. Kwa majuma kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru karibu hospitali 60. Katika kila hospitali walionyesha picha na kuuliza kama watoto wa namna hiyo wamewahi kuonekana. Jibu la hapana lilikuwa na thamani sawa na jibu la ndiyo, na hapo ndipo ninapoona ustadi wa safari ile.

Waligundua kwamba karibu na Ikweta ugonjwa haukupatikana kwa wenyeji wa maeneo yaliyozidi mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi zilisalimika. Kadiri walivyoelekea kusini, ndivyo kimo hicho kilivyoshuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliitafsiri siri hiyo: kilichotenda kazi kilikuwa joto, wala si kimo chenyewe. Ilipoongezwa mvua, ramani ililingana na maeneo ya mbu. Burkitt akashawishika kwamba mbu walikuwa wakieneza virusi vinavyosababisha saratani hiyo.

Hapa kisa kinapinda. Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Sampuli za uvimbe zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi ambavyo leo vinabeba majina ya Epstein na Barr. Lakini virusi hivyo havienezwi na mbu, bali na mate, na huwapata watu karibu wote duniani, wa nyanda za juu na za chini. Basi mbu aliingiaje? Mwaka huo huo Gilbert Dalldorf na wenzake, wakitumia taarifa za Kenya, walipendekeza jibu ambalo sasa lina ushahidi mwingi: malaria. Malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe zinazobeba virusi zizaliane kwa wingi, na wakati huo huo hudhoofisha ulinzi wa mwili dhidi yake. Burkitt alikuwa amechora ramani sahihi na kuipa maelezo yenye kasoro. Ninadhani hilo halimpunguzii hadhi, kwani bila ramani pasingekuwa na cha kuelezea.

Hakuishia kwenye ramani. Pamoja na wenzake wa Kampala, na sambamba na Peter Clifford jijini Nairobi, alijaribu dawa za saratani na kuona uvimbe wa baadhi ya watoto ukiyeyuka kwa siku chache. Aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza aliligeuzia chakula swali lile lile, akilinganisha magonjwa ya utumbo ya Wazungu na ya wanavijiji wa Afrika, hata kufikia kupima uzito wa kinyesi, jambo ambalo sidhani wengi wetu tungelikubali kwa ajili ya tasnifu. Baadhi ya madai yake kuhusu nyuzinyuzi za chakula yalipingwa baadaye. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Sasa turejee Sarang'ombe. Kibera iko juu zaidi ya mita 1,600, yaani nje ya mpaka wa Burkitt. Anayeitazama ramani yake kijuujuu angedhani mtoto wa Gatwekera yu salama, na kwamba uvimbe wa taya lake lazima uwe jino bovu. Lakini Kibera ina kijiji kinachoitwa Kisumu Ndogo, na jina hilo halikuja bure. Familia nyingi zina nyumba mbili: ya kupanga Nairobi, na ya ukoo kando ya Ziwa au Magharibi. Watoto hupelekwa ushago likizo, wengine hulelewa huko na nyanya zao kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa mjini kuanza shule. Utafiti wa wagonjwa wa homa Kibera uliochapishwa mwaka 2016 uliihusisha malaria iliyopatikana kwao na safari, hasa za magharibi mwa Kenya. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2007, uliopitia kumbukumbu za hospitali za kati ya 1988 na 1997, ulionyesha kwamba saratani ya Burkitt nchini ilikithiri zaidi katika eneo la Ziwa lenye malaria ya kudumu.

Kwa hiyo mtoto akifikishwa Hospitali ya Kenyatta, ambayo haiko mbali na Kibera, neno moja kwenye kadi, Kibera, halitoshi. Linataja anakolala sasa. Halitaji alikozaliwa, aliyemlea, homa ngapi alizougua kabla ya kutimiza miaka mitano, kama alilala ndani ya chandarua, wala kama boma la nyanya yake limezungushiwa ua wa mnyaa, mmea ambao utomvu wake mweupe umeonekana katika maabara kuviamsha virusi hivyo, ingawa mchango wake kwa mgonjwa halisi haujathibitishwa. Maswali hayo yanahitaji muda, na foleni ni ndefu. Yanahitaji pia lugha ambayo mama ataielewa na kuijibu bila hofu, nayo kwa wengi wa Sarang'ombe ni Kiswahili.