Shekhar Mehta: Aliyeshinda Safari Rally na Datsun 240Z ambayo leo ingeachwa mbali

Chukua magari mawili ya ukoo mmoja. Moja ni Datsun 240Z ya mwaka 1970. Nyingine ni mjukuu wake, Nissan Z iliyoingia sokoni mwaka 2022. Yapange sambamba, kisha madereva wakanyage mafuta kwa pamoja.

Ile mpya inafika kilomita 97 kwa saa ndani ya sekunde 4.5 hivi. Ile kongwe inahitaji kama sekunde 8.

Tufanye hesabu nyepesi, tuchukulie kasi inapanda sawasawa. Gari mpya itakuwa imetumia mita 60 tu. Ya zamani itatumia mita 107, yaani uwanja mzima wa mpira kutoka goli hadi goli. Kwa mbio za kuchomoka, hapo hakuna mashindano.

Lakini hiyo kongwe ndiyo iliyochukua Safari Rally mara mbili, mwaka 1971 na 1973. Na ushindi wa mwaka 1973 ulimtoa kijana mmoja wa Afrika Mashariki na kumfanya ajulikane duniani. Huyo ni Shekhar Mehta.

Mtoto wa Uganda

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia tajiri ya Wahindi wenye mashamba. Alianza rali akiwa na miaka 21, akiendesha BMW.

Mbio alizozitamani zilikuwa zimeshaanza zamani kidogo. Safari Rally ilizaliwa mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja. Ni maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na matope, tena kwenye barabara zilizo wazi, ng'ombe wanakatiza na watu wanapita na shughuli zao.

Mwaka 1971 Mehta alimaliza wa pili akiwa na 240Z. Mshindi alikuwa Edgar Herrmann, naye pia ndani ya 240Z. Ilikuwa bado kidogo tu.

Siku 90

Kisha ikaja Agosti 1972. Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia kutoka Uganda na kuwapa siku 90. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa walioondoka, wakaacha mali na nchi waliyoijua. Shekhar akawa mtu wa Kenya.

Miezi michache baadaye, Pasaka ya mwaka 1973, alikuwa kwenye mstari wa kuanzia. Huo ndio ulikuwa msimu wa kwanza wa Mashindano ya Dunia ya Rali, na Safari ilikuwa ndani ya ratiba. Pembeni yake alikaa msoma ramani Lofty Drews. Gari, ile ile 240Z.

Kanuni ya Safari ilikuwa hivi: kila kituo kina muda wake, ukichelewa unahesabiwa pointi za adhabu. Mwisho wa safari, mwenye adhabu chache ndiye bingwa.

Basi mwaka ule yakatokea maajabu. Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun 1800, walimaliza wakiwa na adhabu sawa kabisa. Ikabidi kuangaliwa nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kula adhabu hata moja. Aliyekwenda mbali zaidi ni Mehta. Kombe likawa lake.

Hapo sekunde za kuchomoka hazikuulizwa. Kilichoulizwa ni nani aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuharibu.

Kwa nini mpya inakimbia hivyo?

Siri ya kuchomoka si injini peke yake. Ni nguvu ukilinganisha na uzito.

240Z ilikuwa na injini ya lita 2.4, silinda sita, kabureta mbili, na kiwandani ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 151. Uzito wake ulikuwa kilo 1,040 hivi. Kila farasi mmoja anavuta karibu kilo 7. Tena nguvu za enzi zile zilipimwa injini ikiwa nje ya gari, bila mzigo wa vifaa inavyoviendesha, kwa hiyo barabarani zilikuwa pungufu.

Nissan Z ya leo ni nzito, kama kilo 1,600. Lakini ina injini ya V6 ya lita 3.0, turbo mbili na nguvu za farasi 400. Kila farasi anavuta kilo 4 tu. Ongeza tairi pana zinazoshika lami na gia za otomatiki tisa, utaelewa zile sekunde zimekwenda wapi.

Katikati hapo ukoo huu haukupanda moja kwa moja. 280ZX ya mwaka 1978 iliongeza starehe na uzito kuliko ukali. Ni matoleo ya baadaye, kama 300ZX ya turbo mbili yenye nguvu za farasi 300 kwenye soko la Marekani, ndiyo yaliyorudisha makali.

Nne mfululizo, bila gari ya michezo

Wanaoamini gari kali ndiyo kila kitu, sehemu hii iwafikirishe. Mehta alishinda tena Safari mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo! Na hakuwa tena na 240Z. Alikuwa na Datsun Violet, gari ya ukoo wa magari ya kawaida ya familia, iliyoandaliwa kwa rali. Msoma ramani wake alikuwa Mike Doughty.

Mwaka 1979 aliyemfuata alikuwa Hannu Mikkola, akiwa na Mercedes-Benz yenye injini ya V8 ya lita 5. Mwaka 1982 aliyemfuata alikuwa Walter Röhrl, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia. Wote wawili walikula vumbi la Violet.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya kwenye Rali ya Mafarao nchini Misri, akanusurika kufa. Ndiyo ikawa mwisho wa mbio zake kubwa. Baadaye aliongoza kamisheni ya rali ya FIA, shirikisho la magari duniani. Mkewe Yvonne, aliyekuwa naye kwenye rali nyingi kama msoma ramani, alibaki naye hadi mwisho. Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Somo kwa wa Kidichi

Barazani Kidichi ubishi wa gari ipi inachomoka hauishi, na sasa kila mtu ana video kwenye simu ya kumnyamazisha mwenzake. Kwa namba, mbishi wa gari mpya anashinda. Sekunde 4.5 ni 4.5.

Ila barabara ya kupanda kutoka Bububu kuelekea mashamba ya viungo ina kona, ina baiskeli, ina watoto wa skuli na wageni wanaotafuta hamamu ya Kiajemi. Uwanja mzima wa mpira ulio wazi wa kujaribia hizo sekunde haupo. Njia kama hiyo inamtaka dereva wa aina ya Mehta wa mwaka 1973, anayehesabu alipofika bila kosa.