Carey Francis, Mwalimu wa Hesabu

Nashika kalamu niwasimulie habari za mtu aliyeniondolea haya. Mimi ni mtoto wa Kibera. Kila asubuhi napiga mguu hadi Kawangware, shule ya kutwa. Nilipomaliza darasa la nane niliitwa shule ya bweni, lakini karo ikakosekana. Nikajiona mimi basi tena.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka wa 1897. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Hesabu aliijua si mchezo, hata akafanywa mhadhiri na mweka hazina wa chuo cha Peterhouse. Mwaka wa 1928 aliyaacha hayo yote akaja Maseno kuongoza shule ya misheni ya vijana wa Kiafrika. Mmoja wa wanafunzi wake huko alikuwa Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Mwaka wa 1940 alihamia Alliance, kule Kikuyu, si mbali sana na Kawangware. Akawa mwalimu mkuu kwa miaka 22. Ngũgĩ wa Thiong'o alipita mikononi mwake. Alikuwa mkali, uvivu hakuutaka hata kidogo. Hakuoa, shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Lakini tusimpake mafuta. Alikuwa Mzungu wa siku za ukoloni, aliwapinga Mau Mau, na wapo wanafunzi wake waliotofautiana naye katika mambo ya siasa.

Sasa sikilizeni lililonishangaza. Alipostaafu Alliance mwaka wa 1962, hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa chini kama sisi, akafundisha sekondari ya huko kama mwalimu wa kawaida tu. Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka wa 1966.

Siku niliyopata habari hii, sweta yangu ya shule nilikuwa nimeificha ndani ya begi, nisijulikane nasoma wapi. Nikawaza: ikiwa mhadhiri wa Cambridge hakuona haya kushika chaki Pumwani, mimi naona haya gani kushika kalamu Kawangware? Nikaitoa sweta, nikaivaa, nikapita nayo katikati ya Kibera hadi nyumbani.

Hesabu bado zinanisumbua, wenzangu, lakini sweta siifichi tena.