Billie Holiday na shairi ambalo kampuni yake iliogopa kulirekodi

Mwaka 1939 Billie Holiday alikuwa na miaka 23 tu, ila kwenye jazi ya New York jina lake lilikuwa kubwa. Usiku aliimba Cafe Society, klabu adimu kwa zama zile: weusi na weupe walikaa pamoja.

Hapo ndipo alipoletewa "Strange Fruit". Kabla ya kuwa wimbo lilikuwa shairi la Abel Meeropol, mwalimu Myahudi wa sekondari kule Bronx, aliyeshtushwa na picha ya vijana wawili weusi walionyongwa mtini na kundi la wazungu. Lilichapishwa 1937 kwenye jarida la walimu, kisha mwenyewe akalitia muziki. (Baadaye Billie alidai naye alishiriki kuutunga, Meeropol alikataa katakata.)

Shairi lilimgusa penye kidonda. Baba yake, mpiga gitaa Clarence Holiday, alifia Texas 1937 kwa nimonia, na Billie aliamini alinyimwa matibabu kwa sababu ya rangi yake.

Klabuni ukawa wimbo wa kufunga. Wahudumu wanaacha kuhudumia, taa zinazimwa, inabaki moja tu usoni kwake. Akimaliza, giza. Taa zikiwaka, hayupo. Hata wapige makofi vipi, harudi.

Kasheshe likawa kurekodi. Columbia, kampuni yake, ikagoma, ikamruhusu tu akarekodie kwingine. Akaenda kwa Milt Gabler, muuza santuri mwenye lebo ndogo ya Commodore.

Aprili 20, 1939 wakaingia studio. Shida ni kwamba shairi lina mistari 12 tu. Gabler akahofia wanunuzi wataona wamepunjwa, hivyo mpiga piano Sonny White akaongeza utangulizi. Ndiyo maana sauti ya Billie inachelewa kuingia. Ukiusikiliza leo usidhani simu imegoma.

Redio nyingi ziliukwepa, lakini santuri ikauzika.

Maisha yake yalikuwa magumu zaidi. 1947 alifungwa kwa dawa za kulevya, akapoteza na kibali cha kuimba kwenye klabu za New York zinazouza pombe. Alifariki Julai 17, 1959 akiwa na miaka 44, hospitalini, ambako polisi walimkamata akiwa kitandani. Februari mwaka huohuo, sauti ikiwa imechakaa, aliuimba wimbo ule kwenye televisheni ya Uingereza.